Mjomba, Hama Programu

Nimeanza kutengeneza biti kwenye umri ambao wenzangu wanapandisha boma Kigamboni, kwa hiyo masimango nimeshayazoea. Nisichoweza kuzoea ni ushauri. Mpwa wangu akiingia ndani, hata maji hajapewa, anaikodolea macho laptop yangu na kuguna: "Shikamoo mjomba. Kumbe bado unatumia FL? Hiyo ya watoto. Hama."

Ya watoto! Programu yenyewe ilianzia Ubelgiji miaka ya 1990 ikiitwa FruityLoops. Kiumri anapaswa kuiamkia. Rapa Soulja Boy alitengenezea humo "Crank That", na mwaka 2007 wimbo ukashika namba moja Marekani akiwa na miaka 17. Haya, mtoto kweli. Na mimi nipewe utoto wa namna hiyo.

Lakini utabishana vipi na mtu aliyevaa hedifoni shingoni kuanzia asubuhi? Nikahama.

Sasa sikilizeni. Kule nilikotoka, ukitaka kufuta noti unabofya kitufe cha kulia cha mausi, imekwenda. Kidole changu kimeshalijua hilo, hakisubiri amri. Huku nilikohamia, ukibofya kulia inafunguka orodha ndefu ya maneno. Mimi nataka kuondoa haihati moja tu iliyokaa vibaya, naulizwa kama ningependa kubadilisha rangi. Rangi ya nini? Nani amewahi kusikia rangi? Kurudia kipande, kule ni Ctrl na B, huku ni Ctrl na D. Nabonyeza B, kimya. Nabonyeza tena kwa hasira, kimya kilekile.

Halafu kuna biti za zamani. Hili mpwa hakulitaja. Faili la mradi la programu moja halifunguki kwenye nyingine, basi. Ama utoe kila chombo peke yake katika WAV, kiki kivyake, snea kivyake, besi kivyake, na ukishatoa noti hazibadiliki tena. Ama upitishe noti kwa MIDI, utaratibu uliokuwepo tangu 1983, ambao unabeba noti na kuziacha sauti nyuma. Nikachagua MIDI kwa kuwa mafaili yake ni mepesi na bando langu la intaneti nalijua mwenyewe. Noti zikafika zote, ila uchi, hazina vyombo. Programu ikazivisha piano. Kiki piano, snea piano, besi piano, tena singeli ya mapigo 200 kwa dakika. Mama Sara akachungulia mlangoni, mwiko mkononi.

"Baba Sara, panya wameingia kwenye kinanda?"

Nikamwambia ni majaribio. Akasema ugali uko tayari, panya nao wakaribie.

Habari za laptop ya GB 4 kuunguruma na sauti kukwaruza sitazieleza, mwenye nayo anajua.

Kinachonikera hasa ni kwamba mshauri wangu hajawahi kumaliza wimbo. Anahama kila mara, na kila anakohamia anaanza na utangulizi, mzuri kweli, sekunde kumi na tano hivi, kisha anasikia kuna programu bora zaidi. Wakati huohuo vijana wa Manzese na Tandale wameitengeneza singeli kwa kompyuta za kawaida kabisa. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa studio moja ya Dar, "Sounds of Sisso", na watu wa Ulaya wakaruka nayo. Sidhani kama kuna aliyesimama katikati ya ukumbi kuuliza imetengenezwa kwa programu gani. Muziki wa kasi ile, kusimama kwenyewe ni kazi.

Nimesharudi FL. Biti yangu mbaya ni ileile, ila sasa ni mbaya kwa haraka, maana vidole vinajua njia. Jana mpwa kapita tena, kasikiliza huku kafumba macho kama daktari, kisha akatoa hukumu: "Mjomba, tatizo siyo programu. Tatizo ni maikrofoni."

Mimi siimbi.

Ndugu msomaji, ukikutana na kijana mwenye hedifoni shingoni anaulizia kwangu, mwambie nimehama. Nyumba, siyo programu.