Adui Mwombee Njaa

Barua ya wazi kwa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, New York

Waheshimiwa wajumbe,

Mimi huku Singida ni mzima wa afya. Wasiwasi wangu ni juu ya mikono yenu. Novemba 2024 mikono 14 iliinuka kutaka mapigano ya Sudan yasimame, mmoja wa Urusi ukaishusha yote. Kazi hiyo inachosha mabega.

Pamoja na hayo, nawapongeza. Tarehe 13 Juni 2024 mlipitisha azimio namba 2736, mkiwataka wapiganaji wa RSF, wanaopigana na jeshi la Sudan, waache kuuzingira mji wa El Fasher, Darfur. RSF kwa Kiswahili ni Vikosi vya Msaada wa Haraka; mwenye njaa akilisikia jina hilo huandaa bakuli. Nimehesabu kwenye kalenda ya ukutani: tangu azimio hilo hadi mji ulipoanguka, tarehe 26 Oktoba 2025, ni siku 500. Wala hamkushindwa. Mlitaka mzingiro uishe, umeisha: wazingiraji wameingia ndani.

Kwetu husemwa adui mwombee njaa. Ni utani wa kumsema jirani mwenye majivuno siku anapokuja kukopa unga. Majenerali wa Sudan wameufanya mbinu ya kivita, kisha wakaona dua inachelewa. Serikali ya Jenerali Burhan, mkuu wa jeshi, iliifunga njia ya misaada ya Adré, mpakani na Chad, kuanzia Februari hadi Agosti 2024. Watu wa Hemedti, mkuu wa RSF, nao wakauzungushia mji wa El Fasher tuta la udongo, gunia lisiingie, mtu asitoke. Na adui mwenyewe ana bunduki, hakosi wa kumnyang'anya chakula. Njaa ikawaangukia kina mama na watoto.

Mimi nafuga kuku, mashudu ya alizeti nayajua: yale makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa, magumu, na vumbi lake likikuingia kooni unakohoa hadi machozi. El Fasher walikuwa nayo ya karanga, wanayaita ambaz, chakula cha mifugo. Mama aliyaloweka, akayachemsha, akampa mwanawe. Mwishoni hata hayo yakaadimika. Kuku wangu wakicheleweshewa mashudu, mtaa mzima unajua. Mtoto aliyekondeana kwa njaa halii, hana nguvu hizo. Labda ndiyo maana hamkusikia.

Nasikia pia mlikuwa mkisubiri takwimu. Katika mfumo wa kimataifa wa kupima njaa, ngazi ni 5, na ili ya mwisho itangazwe, sharti mojawapo ni watu 2 wafe kila siku katika kila watu 10,000. Yule wa kwanza avumilie kaburini hadi apate mwenzake. Kambi ya Zamzam, jirani na El Fasher, ilitangazwa Agosti 2024 kuwa imetimiza masharti. Kambi yenye jina la kile kisima kilichomwokoa mtoto wa Bi Hajar na kiu. Desemba mwaka huohuo, serikali ya Sudan ikajitoa katika mfumo huo wa upimaji. Baba kavunja kipimajoto, basi mtoto hana homa.

Ombi langu ni dogo, wala si azimio jipya. Lile namba 2417 la Mei 2018, la kulaani kuwatesa raia kwa njaa vitani, linatosha. Nataka mlisome tena, kila mjumbe akiwa na kipande cha mashudu mbele yake na glasi ya maji, na chakula kingine kisiletwe mpaka malori ya misaada yaruhusiwe kupita Darfur. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Mjuane kwanza, ndipo mpige kura.

Gharama zisiwasumbue. Mashudu nitatoa mimi, na kuku wangu nitawaomba radhi.

Ni mimi,
Mfuga kuku wa Singida