Farasi Bila Gunia

Uingereza, anayenunua farasi anaweza kuagiza ukaguzi wa hatua 5. Daktari wa mifugo humkagua farasi akiwa amesimama: macho, moyo, meno. Humtazama akitembea na kwenda mchakamchaka, akipandwa na kukimbizwa, akipumzishwa, kisha mchakamchaka tena. Mara nyingi humkunja mguu, akaushika kama dakika moja, akauachia na kumwondosha farasi kwa mchakamchaka papo hapo. Mwenye kiungo kibovu hujitaja mwenyewe kwa kuchechemea.

Damu nayo hutolewa ikahifadhiwa miezi 6. Kisa? Wapo waungwana ambao farasi wao, asubuhi ya mauzo, huwa ameshapewa dawa ya maumivu, au ya kumtuliza. Unaondoka na malaika. Dawa ikiisha, unabaki na mwenyewe.

Lakini bwana mkubwa wetu, mnunuzi, hana haja na mambo hayo. Kapenda rangi. Kapenda singa za shingoni. Muuzaji kamhakikishia, "Huyu hata mtoto anampanda," akamwelekeza na kwa daktari wake, mtu mwema sana, chai wanakunywa pamoja. Ada ya ukaguzi, bwana mkubwa anasema, ni ya kumkamua mtu bure. Hayo anayasema akihesabu maelfu ya pauni za farasi, na tandiko jipya la ngozi juu yake.

Hongera, bwana. Kuuziwa mbuzi kwenye gunia tumekuzoea. Wewe umeuziwa farasi mzima, mchana kweupe, gunia likiwa kichwani mwako.