Theluji ya Ruiru
Jirani yetu amenunua nyumba ya mlowezi pale Ruiru, ya mawe, iliyosalia mashamba ya kahawa yalipogeuka ploti. Sasa anaiongezea chumba cha vioo na mbao za mvule, kama wafalme wa Ulaya waliokinga michungwa yao na baridi. Kile cha Versailles kilikamilika 1686. Hongera, mheshimiwa! Ila hapa ni digrii moja tu kusini mwa ikweta, na kule Thika mananasi hulala nje bila blanketi. Saa saba mchana mgeni ataiva kabla ya chungwa. Fundi ameshashauri pazia zito, kisha feni. Mwembe uliotoa kivuli cha bure, nasikia, umekatwa kupisha msingi.