Kila Gunia ni la Kyela

Sokoni Dar es Salaam kila gunia la mchele ni la Kyela, hata lile ambalo halijawahi kuliona Ziwa Nyasa. Wachambuzi wa muziki wa metali nao wameuelewa mchezo: albamu ina wiki mbili tu sokoni, tayari ni ya kudumu milele. Hongereni, milele siku hizi haichukui muda.

Chukua Duma, bendi ya metali ya vijana wawili wa Nairobi waliotoa albamu yenye jina lao mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kelele zao ni za kazi, sibishi. Wamesifiwa hadi ng'ambo. Lakini huku Kyela zilipendwa zikianza, spika ya baa bado inampigia saluti mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979 bila kusubiri nyota za mchambuzi yeyote.

Basi mwenye albamu ya milele aje nayo Matema, huku huku Kyela, mwaka 2061. Ikimwinua kitini ajuza mmoja tu, cheti tutampa. Wachambuzi wasiwe na hofu: hukumu zao za leo hakuna atakayezikumbuka.