Kihariri Kinachosema na Aina za Kimya Chake

Kihariri matini ni programu ambayo mtayarishaji wa programu za kompyuta huitumia kuandika na kusahihisha msimbo, yaani yale maagizo ambayo mashine huyafuata neno kwa neno bila huruma wala akili; na kihariri kinachosema ni kile ambacho, badala ya kumtaka mtumiaji atazame skrini, humtamkia masikioni kila herufi anayoibonyeza, kila mstari anaoufikia na kila kosa analolifanya, yakiwemo yale ambayo angependa yapite bila kutajwa.

Kinachojulikana zaidi katika jamii hiyo ni Emacspeak, kilichotolewa mwaka 1995 na T. V. Raman, mwanasayansi wa kompyuta mzaliwa wa India aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa kijana, na ambaye mwaka mmoja kabla ya hapo, katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, alikuwa amewasilisha tasnifu juu ya namna ya kuifanya kompyuta isome hesabu kwa sauti. Raman hakuunda kihariri kipya, bali alichukua kihariri cha Emacs, ambacho mizizi yake inarudi hadi mwaka 1976, akakitia ulimi. Tofauti kati ya kazi yake na programu ya kawaida ya kusoma skrini ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa maana kisoma skrini husoma kile kilichochorwa kwenye kioo, kama abiria anayesoma vibao vya maduka kupitia dirisha la daladala, ilhali Emacspeak hukaa ndani ya duka na kujua kila bidhaa ilipo. Kisoma skrini kikikutana na kalenda hutamka "kumi na nne" na kunyamaza kana kwamba kimemaliza kazi. Emacspeak hutaja siku, tarehe, mwezi na mwaka, kwa sababu kinajua kwamba kilicho mbele yake ni kalenda. Maelezo ambayo mwandishi huwaachia wenzake ndani ya msimbo husomwa kwa sauti moja na maagizo yenyewe kwa sauti nyingine, hata sikio lililozoea likatenganisha soga na kazi bila kujitahidi.

Uzuri wote huo, hata hivyo, huanza baada ya kihariri kusema neno la kwanza, na insha hii inahusu muda ambao neno halisikiki. Mwenye macho ana dalili nyingi za kompyuta iliyogoma, kwani huona skrini iliyoganda, taa iliyozimika au dirisha jekundu lenye vitisho. Asiyeona ana dalili moja tu, nayo ni kimya. Na kimya, kama ajuavyo kila aliyewahi kuchelewa kurudi nyumbani, kina maana nyingi, na anayekosea kuitambua maana yake huongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Mahali pa uchunguzi huu ni Laeken, au Laken kwa wanaozungumza Kiholanzi, eneo la kaskazini mwa Brussels lililokuwa manispaa inayojitegemea hadi lilipounganishwa na jiji mwaka 1921. Wageni hulifahamu kwa kasri la mfalme na kwa Atomium, ile mipira tisa mikubwa iliyojengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya mwaka 1958 na kufikia kimo cha mita 102, ambayo watu huipanda ili watazame mbali. Shughuli hiyo haikuwa na mvuto mkubwa kwa mhusika wa insha hii, kijana wa Kitanzania asiyeona aliyehamia huko kwa kazi ya kuandika programu. Kilichompokea siku ya kwanza ni kibodi.

Kibodi ya Ubelgiji hufuata mpangilio uitwao AZERTY, jina linalotokana na herufi sita za mwanzo za safu ya juu, tofauti na QWERTY iliyozoeleka Afrika Mashariki, wala haifanani sawasawa hata na AZERTY ya Ufaransa, maana alama ya @ Mfaransa huipata kwenye kitufe cha sifuri na Mbelgiji kwenye kitufe cha mbili. Wazungumzaji wa Kiholanzi na wa Kifaransa nchini humo, wenye historia ndefu ya kuvutana hata juu ya vibao vya barabarani, wameafikiana kikamilifu kuhusu kibodi hiyo, na huenda ikawa ndiyo nguzo ya taifa isiyotajwa katika hotuba. Kwa asiyeona hatari yake ni kwamba vile vinundu viwili vilivyo kwenye F na J, ambavyo vidole huvipapasa ili kujua vimekaa wapi, viko palepale. Mkono hupata kinundu, huamini umefika nyumbani, kisha huanza kuandika upuuzi kwa kujiamini kabisa. A imekalia kiti cha Q, Z imekalia cha W, tarakimu hazitoki bila kushikilia Shift, na pale ambapo vidole vilizoea nukta mkato, alama ambayo lugha ya C huitaka mwishoni mwa karibu kila agizo, pana herufi m. Ilichukua siku mbili kwa maagizo ya mhusika kuacha kuishia na m, herufi ambayo Kiswahili, kwa busara zake, huiweka mwanzoni mwa mtu na mti. Waliojifunza kuandika nukta nundu kwa mashine ya Perkins, yenye vitufe sita vya nukta ambavyo havihami kwa sababu ya mpaka wa nchi, wana haki ya kuikumbuka kwa machozi.

Kimya cha kwanza ni cha kabla ya kuzaliwa: ili mtu asiyeona aweke programu ya kuifanya kompyuta iseme, anahitaji kompyuta inayosema. Mfumo endeshi wa Debian umelitatua jambo hilo kwa ustaarabu, kwani kompyuta hulia bipu menyu ya mwanzo inapokuwa tayari, mtumiaji hubonyeza s kisha Enter, na sauti huanza kumwongoza. Nayo s, kwa bahati njema, ni miongoni mwa herufi ambazo AZERTY haikuzihamisha. Hapo mashine huuliza lugha na nchi. Katika mipangilio ya lugha ya mfumo huo, Ubelgiji ina Kiholanzi, Kifaransa na Kijerumani, na Kiswahili kinatambuliwa kuwa ni cha Tanzania au cha Kenya, hivyo aliye Laeken hana budi kuchagua kati ya kuwa mahali alipo na kusema anachosema. Mhusika alichagua Kifaransa, lugha ya ofisini kwake. Nywila, yaani neno la siri, aliiweka wakati mashine bado inaamini kwamba kibodi ni ya Kimarekani, na akaombwa kuirudia baada ya mashine kutambua kwamba ni ya Kibelgiji. Na kwa kuwa nywila, kwa sababu za usalama, haitamkwi, aliiandika mara kumi na moja na kukataliwa mara kumi na moja, kwa adabu ileile.

Kimya cha pili ndicho chenye kejeli kubwa kuliko vyote. Sauti ilikuwapo, tena kwa nguvu, ila ilikuwa imekwenda kwingine. Rafiki mmoja wa ofisini alikuwa amempa skrini kubwa kama zawadi ya kuhamia, na mhusika, ambaye malezi yake hayakumruhusu kukataa zawadi, aliiunganisha kwa waya unaobeba picha na sauti pamoja. Kompyuta ikaona kifaa kipya, ikakiheshimu, ikaipeleka sauti yote huko, nayo skrini ile haikuwa na spika. Hivyo kifaa pekee chumbani ambacho mwenyewe hakuwa na haja nacho ndicho kilichokuwa kikisomewa msimbo wake, na ili kuirudisha sauti ilibidi afungue orodha ya mipangilio ambayo husikika tu kwa mwenye sauti. Alichomoa waya. Wataalamu huandika kurasa nyingi kuhusu tatizo hili, lakini hadi sasa hakuna tiba iliyozidi hiyo.

Sauti iliporudi ilirudi na lugha yake. Injini ya sauti, yaani programu inayogeuza maandishi kuwa matamshi, hufuata kanuni za lugha moja na kuitendea kila lugha nyingine kama mgeni asiyejua kuzungumza. Ile ya Kifaransa haitambui h, humeza e ya mwisho na huitamka u kwa midomo iliyochongoka kama ya mtu anayepuliza chai. Kwa hiyo habari ikawa "abari", pole ikawa "pol", na barua ya mama yake ikasomwa kama salamu za mwanamke wa Paris mwenye mafua. Injini ya eSpeak NG inayo sauti ya Kiswahili, ya chuma lakini yenye adabu, inayoweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama ilivyofundishwa. Basi mhusika akaweka Kiswahili kwa barua na Kifaransa kwa kazi.

Kifaransa nacho kina makabila yake. Kosa likiwa katika mstari wa 97, sauti ya Ufaransa hutamka kitu ambacho kikifasiriwa neno kwa neno ni "nne-ishirini-kumi-saba", na anayesikiliza kwa kasi ya maneno mia nne kwa dakika, kasi ya kawaida kwa mzoefu, huwa amekwishaelekea mstari wa 80 kabla hesabu haijakamilika. Mbelgiji, sawa na Mkongomani aliyerithi Kifaransa chake, husema nonante-sept, tisini na saba, na biashara ikaisha. eSpeak NG inayo hata sauti hiyo ya Kibelgiji, na kwa maoni ya insha hii ndiyo sababu tosha ya kuhamia Ubelgiji. Sauti ya Kiholanzi husema saba na tisini, kama Mwarabu, ambaye Waswahili walichukua tisini yake wakamwachia mpangilio wake.

Kimya cha tatu ni kifupi mno, hata baadhi ya wataalamu hawakihesabu. Hedifoni zisizo na waya hupenda kusinzia zikikaa muda bila sauti, na zinapozinduka humeza sehemu ya silabi ya kwanza, au yote. Hasara hiyo ni ndogo kwa lugha zinazoweka ukanushi wake mwishoni mwa sentensi. Kiswahili huuweka mlangoni. Mhusika alikuwa ameandika programu ya majaribio ambayo, ikikagua msimbo na kuukuta salama, hutamka "Hakuna hitilafu", na kwa jioni nzima hedifoni zikamwambia "kuna hitilafu", naye akaitafuta hitilafu hiyo kwa bidii hadi, karibu na usiku wa manane, akafanikiwa kuitengeneza.

Kimya cha nne kilimkuta siku ya Jumamosi, kihariri kikiwa kimeanza kusema vizuri na mwenyewe ameanza kujisifu. Katika istilahi za Emacs kukata maneno huitwa kuua, na yaliyouawa huhifadhiwa katika kitu kiitwacho pete, tayari kufufuliwa. Kuua hufanywa kwa Control na w. Kidole chake kikaenda palipokuwa na w utotoni mwake, ambapo Laeken pana z, na Control na z, kwa anayetumia Emacs ndani ya terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, haiui maneno, bali hukilaza kihariri chote usingizi. Kilichokuwa kikisema ni kihariri, na kihariri kimelala. Kimya.

Angejua ni kimya cha aina gani, dawa ilikuwa herufi mbili. Hakujua, akashuku waya, akashuku hedifoni, akawasha na kuzima spika, hatimaye akagonga mlango wa kijana wa ghorofa ya juu, ambaye alikuja kwa moyo mkunjufu, akashika kipanya, akafunga dirisha moja ambalo hakuna aliyejua lilikuwa la nini, akasema kila kitu kiko sawa, akaondoka. Ndipo akaitwa mama mmoja wa Lubumbashi aliyekaa mlango wa pili, aliyekuja na mwiko mkononi na kusimama mbali kidogo na meza.

"Mama, samahani, skrini imeandika nini?"

"Iko nyeusi tu, mwanangu."

"Nyeusi yote?"

"Yote. Hapa chini kabisa kuko kamustari kamoja."

"Kanasema nini, Mama?"

"Kanasema emacs iko stoppé."

Mhusika akaandika f na g, amri inayoirudisha mbele programu iliyolazwa, herufi mbili zilizokaa jirani katikati ya kibodi, palepale Laeken kama Tanzania, moja yao ikiwa na kinundu. Akabonyeza Enter, na kihariri kikaendelea na sentensi yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Mama akarudi kwenye ugali wake, ambao kwa kauli yake ulikuwa umeshika chini.

Basi msomaji atakayegongewa mlango na jirani asiyeona, akiombwa kuangalia kompyuta iliyonyamaza, na asome mstari wa chini kabisa jinsi ulivyo, hata kama ni kamstari tu, na kipanya akiache mezani.