Serikali ya Kijiko

Mtoto mdogo haugui mchana. Mchana ana kazi zake: kukimbiza kuku, kula udongo kwa siri, kuanguka barazani na kuinuka bila hata kulia. Ugonjwa anauwekea usiku, na usiku wenyewe anauchagua: SNEL imekata umeme, maji yamebaki kidogo chini ya bidoni, na baba mtu ana mkutano wa asubuhi alioutangaza nyumbani wiki nzima. Hapo ndipo anapokaa kitako kitandani, anakutazama machoni, halafu anatapika.

Wetu, binti wa miaka mitatu, alitapikia kikwembe cha Koko.

Si kikwembe cha hivi hivi. Kilitoka SOTEXKI, kiwanda chetu cha nguo cha hapa Kisangani, enzi kiwanda kilipokuwa kiwanda. Koko, mama mzazi wa mume wangu, alikuja nacho kutoka Yangambi kwa njia ya mto, pamoja na mkungu wa ndizi, bidoni la mawese na kapu la mbinzo, wale viwavi wakavu wa msituni. Kikwembe kilikuwa cha kanisani tu. Ila jioni ile mjukuu alilalamika baridi, na bibi hana cha kumnyima mjukuu.

Nikaita mwanga. Mwanga utoke wapi? Sisi wa komini ya Tshopo ni majirani wa bwawa la umeme la tangu enzi za Wabelgiji, lenye mitambo mitatu. Mmoja ukigoma, mji wote unajua. Usiku ukitulia unayasikia maji yakiporomoka, nawe umekaa gizani unapapasa kiberiti. Baba watoto akawasha tochi ya simu, betri tayari nyekundu, akamulika kwanza kikwembe, ndipo akamulika mtoto. Anamjua mama yake.

Nilimgusa binti kifuani. Alikuwa wa moto.

Muda si muda nyumba nzima ilikuwa wima, na kila mmoja amekuwa daktari. Baba watoto alisema ni mbinzo, mtoto amezila bila kipimo. Koko, kusikia mbinzo zake zinashtakiwa, akasema mbinzo zimelea watu wa mto huu kabla hospitali ya kwanza haijajengwa. Mwenye kosa ni soda nyekundu aliyonunuliwa mtoto jana, na aliyeinunua yumo humu ndani. Mpangaji wetu wa nyumba ya uani, mwanafunzi wa sheria wa UNIKIS, chuo kikuu cha hapa Kisangani, alitoka na kaptula na mshumaa, akataka kwanza ijulikane nani alimwona mtoto akila nini, na saa ngapi. Akaambiwa ashike mshumaa vizuri, nta inamdondokea mgonjwa.

Mtoto akazijibu hoja zote kwa kutapika tena, safari hii ndani ya beseni la vyombo safi.

Baba watoto akaanza kutafuta viatu. Alitaka twende hospitali papo hapo. Lakini wenye toleka, zile baiskeli zilizobeba mji huu miaka na miaka, walikuwa wamelala, na pikipiki ya saa zile, ukibahatika kuipata, dereva anakutajia bei ya mbuzi.

Aliyetutuliza ni wifi yangu. Wifi ni reko, yaani ni miongoni mwa wale majirani waliofundishwa kupita nyumba kwa nyumba kwa niaba ya kituo cha afya. Kwa kawaida tunamtania kwa lile daftari lake. Usiku ule hakuna aliyetania.

“Yaya, kaa kwanza,” alimwambia kaka yake. Akahesabu kwa vidole. Mtoto anaweza kunywa? Anatapika kila anachopewa? Amepata degedege? Yuko macho, au amelegea haamshiki? Jibu moja tu likiwa baya, tunaondoka sasa hivi, hata kwa miguu. Kisha akamfinya ngozi ya tumbo na kuiachia. Ikarudi mara moja. Binti akalalamika kwamba anafinywa, na malalamiko yale yakamfurahisha wifi kuliko salamu.

Lililobaki bila jibu ni lile la kutapika kila kitu, kwa sababu hadi hapo mtoto alikuwa amepewa na baba yake kikombe kizima cha maji, akakirudisha kizima. “Hapo hamjamnywesha, mmemjaza,” wifi akasema. “Tujaribu kwa kijiko. Akikirudisha nacho, hatungoji jogoo.”

Pakiti za chumvi chumvi za kuongeza maji mwilini zilikuwa zimemwishia mkobani, basi tukachanganya wenyewe kwa maji yaliyochemshwa jioni yakabaki kwenye termosi. Lita moja ya maji, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Koko alichota sukari, kijiko kikapanda kilima. Wifi akakipitishia mgongo wa kisu, kilima kikaanguka mkebeni.

“Mwanangu,” Koko akauliza, “hata mgonjwa unambania?”

Wifi akaeleza: sukari ikizidi huvuta maji kuyaleta tumboni, mtoto akaharisha zaidi, na chumvi ikizidi ni hatari. Koko alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akanyoosha mkono, akachukua kijiko.

Hapo serikali ikabadilika. Koko alikaa kwenye kigoda, mjukuu mapajani, akampa kijiko kimoja, akangoja. Akampa kingine, akangoja. Baba watoto akasema, “Mama, ongeza, mtoto ana kiu.” Hakujibiwa. Mtoto alipotapika kidogo, Koko akamfuta mdomo, akakaa kimya kama dakika kumi, akaanza upya, polepole zaidi. Alishika kijiko kile kama karani anavyoshika muhuri wa komini: bila yeye hakipiti kitu. Mimi nilikuwa wa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, wifi wa daftari, mpangaji wa beseni. Mume wangu hakupewa wizara.

“Na wewe ulikunywa hivi hivi,” Koko akamwambia, bila hata kumtazama.

Tulijua anasema mwaka gani. Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita katika mji usio wa Rwanda wala wa Uganda, makombora yakaanguka kwa maelfu, na daraja la Tshopo likawa mahali pa kugombaniwa. Umeme hakuna, maji ya bomba hakuna, watu wamejibanza chini ya vitanda. Mume wangu alikuwa na miaka minne, na akachagua siku hizo kuharisha na kutapika. Hospitali zilikuwepo, njia ya kuzifikia ndiyo haikuwepo. Koko alichemsha maji ya pipa la mvua usiku, akatia sukari na chumvi kwa kubahatisha, akamnywesha kwa kifuniko cha chupa. Sukari aliiomba kwa jirani, akaifuata kwa kutambaa.

Mpangaji, ambaye vita hivyo amevisoma darasani katika kesi ya Kongo dhidi ya Uganda, akaona ndiyo nafasi yake. Akaanza kueleza hukumu ya Hague ya 2022, na zile dola milioni 325 ambazo Uganda iliamriwa kulipa.

“Mwanangu, inua beseni,” Koko akasema.

Vijiko vikakaa. Kulipoanza kupambazuka mtoto alikuwa ameshusha karibu kikombe kizima, kwa njia ya kijiko, na amekojoa, jambo ambalo wifi aliliandika. Nikapanda pikipiki na binti kifuani. Baba watoto akafuata nyuma kwa toleka, amevaa shati la mkutano ambao alikwisha kuuombea udhuru kwa simu ya wifi, maana simu yake mwenyewe ilikuwa imezima.

Kituo cha afya kina benchi refu na wanawake wengi, kila mmoja na usiku wake mkononi. Muuguzi alimchoma binti kidole, akadondosha tone la damu kwenye kipimo kidogo, na baada ya kama robo saa ikatokea mistari miwili. Malaria. Akauliza lile lile la wifi: anatapika kila kitu? Nikasema hapana, vijiko vimekaa tangu usiku wa manane. “Basi atapewa vidonge,” akasema. “Visingekaa, ningemlaza, apigwe sindano ya artesunate.”

Kidonge kilipondwa, kikatiwa maji, kikanywewa kwa kijiko. Tukaambiwa tusiondoke: akikitapika kabla ya nusu saa, anapewa kingine. Sijawahi kuona watu wazima wakimtazama mtoto namna ile. Alipofungua mdomo, Baba watoto alisimama na kutanguliza mikono yote miwili. Ilikuwa mbweu.

Mbinzo zikaachiwa huru, soda nayo. Lakini muuguzi alikuwa bado na swali. Mtoto analala ndani ya chandarua? Nikamgeukia mume wangu. Mume wangu akautazama ukuta wenye tangazo la chanjo. Muuguzi akaeleza kwamba mbu wa ugonjwa huu si wa jana: vijidudu hujificha kwanza kwenye ini, na homa huja baada ya wiki moja, mbili hivi. Tukumbuke mambo ya wiki mbili nyuma.

Yalikumbukika upesi. Wiki mbili nyuma Baba watoto alileta nyumbani kuku na vifaranga wake. Mwewe akaanza kuzunguka uani, na chandarua cha mtoto kikatandazwa juu ya banda, kwa muda tu, kingine kinakuja kesho. Nililalamika, kesho ikasogezwa mbele. Binti akahamia kwetu, chini ya chandarua cha watu wawili, ambamo wakilala watatu lazima mguu wa mmoja ubaki nje.

Tuliporudi nyumbani, Koko aliisikiliza kesi barazani, kijiko bado mkononi, akatoa hukumu pale pale: chandarua kirudi leo, kifuliwe na aliyekitoa. Mpangaji akajitolea kuandika rufaa. Akapewa kamba aifunge.

Basi mchana huo majirani walimwona Baba watoto amechutama mbele ya beseni na shati lake la mkutano, anasugua kinyesi cha kuku kwa sabuni na maji baridi. Alipokwenda kukianika penye jua, Koko na wifi walipaza sauti pamoja: “Kivulini!” Chandarua cha dawa hakitaki jua, jua linaidhoofisha dawa. Akakihamishia chini ya mwembe. Juu ya uani, mwewe alikuwa amekwisha kurudi, anakata duara.

“Sasa vifaranga je?” akauliza.

“Vifaranga wana mama yao,” Koko akasema, akageuka kuulizia saa ya kidonge cha pili.