Kobe, Kanga na Boti ya Jioni

Safari ya siku moja ya Unguja, kwa maana ya ile inayoanza kwa boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam na kumalizika kwa boti ya alasiri, hupangwa na watu wanaoamini kwamba visiwa navyo hufuata saa ya ukutani. Kuvuka kwenyewe huchukua takriban saa mbili. Muda unaobaki ratiba huugawa sehemu mbili, yaani kisiwa cha Changuu na kobe wake kabla ya adhuhuri, kisha Mji Mkongwe hadi wakati wa kurudi. Kwenye karatasi mpango huu hauna kasoro. Jinsi unavyovunjika yaweza kuonyeshwa kwa mfano wa familia moja ya Dar es Salaam: baba mwenye ratiba, mama, vijana wao wawili, na shangazi mtu aliyejitanda kanga mpya.

Baba huyo aliichagua siku ya mwezi mpevu ili picha zipendeze, bila kukumbuka kwamba mwezi mpevu huchomoza jua likizama, wakati ambapo yeye na kamera yake wangekuwa wamekwisha kurudi Dar es Salaam. La kumsumbua zaidi lilikuwa lile ambalo kila mvuvi wa pwani analijua, kwamba mwezi mpevu huleta bamvua, yaani zile siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ya kina ikikaribia mita 4, na kwamba katika bamvua ya Unguja maji hutoka asubuhi ili yarudi alasiri. Mashua ya injini iliyowapeleka Changuu, mwendo wa kilomita tano na ushei kutoka mjini, ilisimama mbali na ufuko. "Maji yashatoka, mzee. Hapa ni kukunja suruali tu," alisema nahodha. Baba aliuliza yangerudi saa ngapi, naye akajibiwa kwa upole kwamba yangerudi pale yeye atakapokuwa amekwenda zake. Shangazi alivua viatu, akaikunja kanga na kujitwika kichwani, akavuka maji ya magoti bila tone moja kuigusa. Na maadamu kanga hiyo ndiyo itakayodhurika mbele ya safari, haki inadai juhudi zake zitajwe.

Kobe wa Changuu ni wa jamii ya kobe wakubwa wa Aldabra, kisiwa cha Shelisheli, ambao madume yao huweza kuzidi kilo 200. Wanne wa kwanza waliletwa mwaka 1919 kama zawadi ya gavana wa Shelisheli, wakazaana hadi kufikia mamia, kisha wakaibwa kwa wingi hata ilipofika mwaka 1996 wakabaki 7 tu, ndipo ulinzi na ulezi wa makinda vilipopewa uzito. (Mwizi wa kobe, ni dhahiri, hahitaji mbio bali mgongo.) Wengine wamepakwa namba kwenye gamba, ambazo waongozaji huzieleza kuwa ni umri, ingawa namba hizo, tofauti na kobe mwenyewe, haziongezeki mpaka mtu aje na brashi. Kobe hana meno. Ana mdomo wenye kingo ngumu na kali, unaokata majani kama mkasi, na mbele ya mchicha hana subira yoyote, jambo ambalo sifa yake ya upole huwasahaulisha wageni. Shangazi aliinama kumkuna mmoja shingoni, kwa kuwa kobe hawa hupenda kukunwa na huinyoosha shingo kwa raha, na pindo la kanga yenye majani ya kijani likashuka mbele ya mnyama. Kobe akauma. Vijana wakavuta. Mlinzi aliinua mkono kuwazuia: "Bi mkubwa, tulia. Wakimvuta anaingia ndani na kanga yako." Hayo yalikuwa maelezo ya kitaalamu kabisa, kwani kobe anaposhtuka hurudisha kichwa ndani ya gamba, akitoa hewa mapafuni kwa mlio wa kufoka, na ndivyo ilivyokuwa, pindo likatoweka ndani pamoja na kichwa. Ilibidi wasubiri. Mchicha uliwekwa chini, kila mtu akarudi nyuma, na baada ya kitambo ambacho ratiba haikukitengea nafasi kichwa kilitoka, kikaliacha pindo na kuchukua mboga. Jina la kanga, yaani yale maandishi ya chini ambayo ndiyo humfanya mwenye kanga aichague hiyo na si nyingine, lilikuwa limebaki nusu.

Jela ya kisiwani, iliyojengwa mwaka 1893 na haikupata kumfunga mtu hata mmoja, bali iligeuzwa karantini ya wasafiri waliohofiwa kuwa na homa ya manjano, waliipita kwa haraka, wakiwa wageni wachache walioruhusiwa kuondoka upesi.

Mjini, Beit-al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883 ambalo ratiba ililiita "makumbusho, dakika 40", lilikutwa limezungushiwa uzio, kwa sababu sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Dakika hizo 40 zilipotelea vichochoroni. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ndefu na zimesongamana kiasi cha kulificha jua na kuitia wazimu ramani ya simu, na mzee waliyemwamkia alimwelekeza baba anyooke mpaka penye baraza, kisha apinde. Maelekezo sahihi, ila baraza, yaani kile kibao cha mawe kinachojengwa ukutani kwa ajili ya kukaa na kuzungumza, liko karibu kila nyumba. Walikuwa wakitafuta Mkunazini, kwenye kanisa la Kianglikana lililoanza kujengwa mwaka 1873 juu ya uwanja wa soko la watumwa, mahali ambapo kumpangia mgeni robo saa ni utovu wa adabu hata asipopotea. Walitokea Darajani, sokoni, kati ya pweza na marobota ya nguo.

Shangazi peke yake hakujiona amepotea. Alimwonyesha muuza kanga lile pindo, akauliza kama lingeweza kupatikana lenye jina kamili; muuzaji alilikagua, akauliza ni mashine gani iliyokata hivyo, akaambiwa ni kobe, akalikagua upya kwa heshima zaidi, kisha akaeleza kwamba kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili pamoja, na kwamba kipande kimoja hakuna. Mapatano ya bei yalifanyika kwa kukaa kitako. Baba aliitazama saa, akaitazama ratiba, akamtazama mkewe, naye mama alikuwa amekwisha kuketi kando ya wifi yake akichambua rangi.

Boti waliipata kwa kukimbia, wakaingia wakiwa wa mwisho, shangazi akiwa na doti mbili kwapani na baba akiwa hana pumzi. "Tukija tena," alisema shangazi, akikitafuta kiti cha dirishani, "ratiba nitaandika mimi. Kwanza Darajani."